UZI: Kuzamia na kupiga picha meli za kale zilizozama kina kirefu. Tuna manowari hapa Unguja na hatuijui

MwanaMalindi

Assalaam alaykum wanabaraza. Hili jambo nnalo moyoni muda mrefu, leo nimesema naliandika lote, uzi ni mrefu kwahiyo mwenye haraka aje usiku akishapumzika.

Mie nimeanza kama mbeba mitungi kwenye boti ya watalii, nikasomeshwa kuzamia, nikapata cheti, nikawa napeleka wageni Bawe na Murogo, na miaka yote hiyo tunapita karibu na manowari iliyolala chini na hakuna anaeitaja. Siku moja nikawauliza vijana wenzangu botini, Pegasus mnaijua? Mmoja akanambia ni jina la mwamba. Iliniuma wallahi, maana watu wanatoka Ulaya wanaijua sie tuliozaliwa mbele yake hatuijui.

Kwa asiejua: HMS Pegasus ilikuwa manowari ya Kiingereza, ilishushwa majini mwaka 1897, tani elfu mbili na ushei, mizinga 8 ya inchi 4. Septemba 1914 vita vya kwanza vya dunia ndo vimeanza, ikaingia bandarini kwetu mashine zake zitengenezwe. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikatokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, nahodha wake Max Looff, ikaanza kupiga kutoka masafa ambayo mizinga ya Pegasus haifiki. Yaani hawa wanapiga na risasi zao zinaangukia majini, wale wanapiga na kila kombora linaingia. Walikufa 38. Mchana wake meli ikapinduka ikazama. Königsberg yenyewe ikakimbilia delta ya Rufiji ikajificha humo mpaka Julai 1915 Waingereza walipoimaliza. Mizinga ya Pegasus ilitolewa majini ikapelekwa kupigana nchi kavu, na mpaka leo mmoja upo Mombasa Fort Jesus, umewekwa na mzinga wa Königsberg, maadui wawili wamekaa pamoja juani.

Mabaki yalikuja kuuzwa mwaka 1955 kama chuma chakavu, ndo mana ukishuka hukuti meli imesimama kama kwenye filamu, unakuta mabamba, mbavu, mabomba, vipande vimelala kama mita 40 chini, kolekole wanazunguka juu kundi kwa kundi, na chewa kakaa kwenye tundu anakutizama.

Sasa kisa changu. Mara ya kwanza nimeshuka pale na mtungi mmoja tu, hewa ya kawaida, na kamera ya kuazima. Mita 40 ndo mwisho wa uzamiaji wa starehe, na mie nilijiona mwamba. Nikafika chini nikahisi raha ya ajabu, kila kitu kizuri, sina wasiwasi na chochote. Ile si raha, ile ni nitrojeni. Kuanzia mita 30 hivi inaanza kukulewesha na wewe hujui kama umelewa. Nikapiga picha, nikatizama geji ya mtungi ikasoma 60, yaani hewa inakwisha, nikatizama tena nikasema mbona ni 60, nikaendelea kupiga. Alienivuta mkono tupande ni mwenzangu. Tulipanda haraka kuliko inavyotakiwa, na usiku ule bega lake likaanza kumuuma, akakaa siku mbili anadhani kabeba mtungi vibaya kabla hajapelekwa kutibiwa. Bega halijarudi kama zamani. Picha nilikuwa nazo 11, zote buluu tupu, na hata moja sikumbuki kuipiga.

Toka siku hiyo nikasema aidha nijifunze hii kazi kwa njia yake au niache kabisa.

Nikadunduliza miaka miwili nikaenda Misri, Dahab, kusoma uzamiaji wa kiufundi. Nakuja hapo.

Kijana_wa_Nungwi

Waalaykum salaam kaka. Hebu subiri kwanza, mie nishashuka Pegasus mara tatu na mtungi mmoja na sijapata kitu. Wageni wanataka, boss anataka, kwani hiyo ya kiufundi ina tofauti gani zaidi ya kubeba mitungi mingi?

MwanaMalindi

Mdogo wangu nisikilize vizuri, nakupigia hesabu na uirudie mwenyewe kwa kalamu.

Mtungi wa lita 12 ukijazwa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400. Mtu aliyetulia anavuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kila mita 10 mgandamizo unaongezeka bar moja, kwahiyo mita 40 ni bar 4, na ile moja ya hewa ya juu zinakuwa 5, zile lita 20 zinakuwa 100. Mtungi wako wote ni dakika 24 na hapo hujapanda, hujasimama njiani, na mwenzako hajaishiwa akaja kukuomba. Ukikwama na wavu au mkondo ukikuvuta unavuta lita 200 bila kujua. Hizo mara tatu ulizorudi salama usizihesabu kuwa ujuzi, mshukuru Mungu tu.

Tofauti ya kiufundi si mitungi. Tofauti ni kwamba mzamiaji wa kawaida akipata shida anapanda juu, na wa kiufundi hawezi kupanda. Umekaa kina kirefu muda mrefu, nitrojeni imeingia mwilini, damu mpaka mafuta, ukipanda moja kwa moja inatoka mapovu ndani ya mwili, inakwenda kwenye viungo, uti wa mgongo, ubongo. Kwahiyo juu yako pana dari, haionekani lakini ipo. Lazima usimame mita 21, 18, 15, ukija mita 6 ndo unakaa sana. Waswahili tunasema dawa ya deni kulipa, na deni la chini linalipwa kwa dakika, halina kupunguziwa. Na kama huwezi kupanda basi kila shida uimalize kule kule chini, ndo mana unabeba vifaa viwili viwili, rigyuleta mbili (kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa), taa tatu, miwani ya akiba mfukoni, na gesi unaigawa mafungu matatu, theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya balaa.

Halafu gesi yenyewe. Kule Misri nilizamia Rosalie Moller, meli ya makaa ya mawe, ndege za Kijerumani ziliipiga bomu usiku wa tarehe 8 Oktoba 1941, siku mbili baada ya kuizamisha Thistlegorm. Thistlegorm ipo mita 30, watu wamejaa kama Darajani siku ya kuamkia sikukuu, pikipiki na malori bado yamo ndani ya shimo la mizigo. Rosalie Moller imekaa wima chini mita 50 na hapo hatukuvuta hewa ya kawaida, tulivuta traimiksi, yaani oksijeni asilimia 21, heliamu 35, iliyobaki nitrojeni. Heliamu haileweshi. Uko mita 50 lakini kichwa kinakuwa kama uko 29. Njiani unabadilisha, mita 21 unashika mtungi wa oksijeni asilimia 50, mita 6 unavuta oksijeni safi ili ile nitrojeni itoke upesi. Na hapa ndo pa kufa kwa kukosea: oksijeni safi mita 6 ni dawa, ukiitia mdomoni mita 30 ni sumu, unapata degedege ndani ya maji na rigyuleta inakutoka mdomoni. Ndo mana kila mtungi umeandikwa kina chake kwa tarakimu kubwa na mwenzako anakutizama unapobadilisha, anasoma, anakupa ishara, ndo unavuta.

Dakika 25 chini, karibu 35 za kupanda tumening'inia kwenye kamba. Na niliporudi juu nilikumbuka kila kitu. Dohani imesimama, kolekole na samaki wadogo wa kioo wamejaa mpaka huoni mlango, winchi imeota matumbawe laini. Nililia ndani ya miwani, sioni haya kusema.

Bi_Mkubwa_wa_Wete

Nimesoma yote kaka. Lakini nna neno na nnaomba mulipokee vyema. Mukizungumza meli zilizozama, sisi huku Pemba neno hilo halina raha. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama na mie nimepoteza mama mdogo na wanawe wawili, hata kaburi hatuna, baharini ndo kaburi. Sasa nikisikia watu wanashuka na kamera kwenye chombo walichofia watu napata baridi. Ile manowari nayo ina watu waliokufa. Hamuoni kama munawasumbua?

MwanaMalindi

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Allah awarehemu mama yako mdogo na watoto, awape nyote subira. Dada yangu umesema neno ambalo ndo lilitakiwa kuwa la kwanza kwenye uzi huu na mie nimelichelewesha.

Ile Spice Islander iliyozama Nungwi hakuna mzamiaji wa kuifikia, mkondo ule na kina kile si mahala pa binaadamu, na hata ingekuwa mita 20 nisingeshuka na kamera. Wana wao wapo hai. Picha ya pale ni ya wenyewe walofiwa, si ya mtu mwengine yeyote.

Kuhusu Pegasus, kabla sijashuka mara ya pili nilikwenda Chapwani. Wengine wanakiita kisiwa cha makaburi. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa pale, 24, chini ya miti, paa wanapita baina ya makaburi. Nikakaa nikasoma majina jiwe kwa jiwe. Vijana tu, umri wa hawa tunaowatuma dukani. Na karibu yao kuna makaburi ya zamani zaidi, yumo Kapteni Brownrigg wa HMS London, aliuliwa 1881 huko huko Pemba akifukuza jahazi la watumwa. Basi nikishuka sasa siingii ndani ya kitu, sigusi, na nikifika tu, kabla kamera haijawashwa, natulia dakika moja. Dakika moja pale ni lita 100 za gesi, nnaihesabu kwenye mpango kabisa, haiwi ya kuiba.

Bi_Mkubwa_wa_Wete

Amin. Nimeridhika kaka. Endelea.

Fundi_Shaba

Naomba kuuliza bila ugomvi. Kama ni chuma chakavu kiliuzwa 1955, na shaba bado ipo chini, kwanini kijana wa hapa asiitoe akauza? Bei ya shaba munaijua. Mtalii atapiga picha ataondoka, sie tutabaki na nini?

MwanaMalindi

Swali lako la haki na njaa naijua, sikulaumu.

Kwanza mkataba wa UNESCO wa 2001 wa urithi ulio chini ya maji unahesabu kitu kikishakaa miaka 100 ndani ya maji kuwa urithi, na Pegasus ilitimiza 2014. Msingi wake ni kiachwe kilipo kwanza. Lakini tuweke karatasi pembeni. Shaba ile ukiitoa utaiuza mara moja kwa kilo. Ikiwa chini, kijana wa Nungwi anapeleka mgeni mwaka huu na mwakani na mwanawe atapeleka. Na chuma kilichokaa na chumvi miaka mia ukikitoa juu bila kukitia kwenye maji ya dawa miezi na miezi kinapasuka chenyewe, kinamomonyoka mkononi. Nimeona mtu katoa bamba, baada ya wiki mbili lilikuwa unga mwekundu kwenye ndoo.

Tushapoteza sana ndugu zangu. Glasgow, meli ya Sayyid Barghash, ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896 katika ile vita ya dakika 38, milingoti yake ikabaki nje ya maji mbele ya mji mpaka 1912 ilipokatwa vipande. Nani anayo picha ya chini yake? Beit al Ajaib tumeiona ikianguka Disemba 2020. Kinachotubakia tukipige picha kingalipo.

Mpiga_Picha_Chake

Kaka hapo ndo mie naingia. Mie ni mpiga picha wa harusi, nimezamia mpaka mita 18 tu. Nieleze upande wa kamera, kwani kule chini kuna mwanga gani?

MwanaMalindi

Mwanga upo lakini ni wa buluu. Maji yanakula rangi, nyekundu inakufa kwanza, mita chache tu imeshakwenda, halafu rangi ya chungwa, halafu manjano. Ukijikata mita 40 damu inaonekana nyeusi ya kijani. Kwahiyo rangi unashuka nayo mwenyewe, kwa flashi mbili kwenye mikono mirefu.

Kosa la kila mtu mwanzo ni kuelekeza flashi mbele. Maji ya pale si meupe kama Mnemba, yana chembechembe, ukizimulika uso kwa uso picha inakuwa kama imenyeshewa theluji. Zitanue mbali na kamera uzigeuze nje kidogo, ukingo tu wa mwanga ndo uguse kitu. Lenzi iwe pana kabisa na usogee karibu, maana kila mita ya maji baina yako na chuma inakuibia picha. Na mapezi, jamani mapezi! Ukipiga teke moja karibu na mchanga umemaliza mzamo wa watu wote, vumbi litakaa mpaka muda wenu uishe. Tunapiga mapezi kama chura, magoti yamekunjwa, mwili bapa.

Lakini picha ninazozipenda hazina flashi hata moja. Unarudi nyuma, unaacha mwanga wa juu uje, mwenzako anakaa mbali na taa ili jicho lipate kipimo, na unaitoa nyeusi na nyeupe. Pale mbavu za meli zinaonekana zimekaa vipi. Ile ya rangi nzuri ni ya chewa na matumbawe, ile ya kijivu ndo meli yenyewe. Wapo watakaonibishia na wabishe, mie hapo sirudi nyuma.

Oringi za boksi la kamera, zile pete za mpira za kuzuia maji, zipake grisi wewe mwenyewe, usimpe mtu, na zikague usiku na tena asubuhi, unywele mmoja tu ukilala pale kwa bar 5 kamera imekwenda.

Sasa kubwa kuliko yote. Kuna kazi inaitwa fotogrametria. Hupigi picha moja nzuri, unapiga mamia kwa maelfu, kila picha ipandane na jirani yake zaidi ya nusu, unakwenda mstari unarudi mstari kama mtu anaefagia uwanja, halafu kompyuta inaziunganisha inakupa meli nzima unaigeuza utakavyo. Titanic iliyoko mita 3,800 walifanya hivo 2022 kwa mashine, picha zaidi ya 700,000. Pegasus ilikuwa na urefu wa mita 90 na ushei na imetawanyika, kwa dakika 20 za chini huwezi kuimaliza mzamo mmoja, tutafagia kipande kipande. Nnachotaka mie ni hicho. Mtoto wa skuli pale Mjini, asiejua hata kuogelea, aifungue kwenye simu aione manowari yake ilivyolala.

Mzee_Nahodha

Wanangu, kausoma uzi huu mjukuu wangu akanambia babu njoo usikie. Mimi nimevua maji yale miaka arubaini. Hapo mnapopasema tunapajua, wavu ukikamata pale hautoki, unakata unaondoka. Tulikuwa tukioanisha mnara na mnazi ili tupaepuke, nyinyi mnaoanisha mpafuate.

Nawausia jambo moja. Msiende bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanakimbia pale baina ya visiwa, mtu na mitungi yake atakwenda kuokotwa Tumbatu. Nendeni maji mafu, mwezi nane tisa au ishirini na mbili tatu, na muingie maji yakisimama kabla hayajageuka. Kusi likivuma sana maji yanatibuka, hamtaona hata mikono yenu. Kaskazi ikianza kutulia, mwezi wa pili hivi, ndo maji yanatakata.

MwanaMalindi

Shikamoo mzee wangu. Wallahi nimefurahi kuliko siku zote. Kompyuta yangu ya mkononi inanipa mita na dakika lakini saa ya maji kusimama pale nimekuwa nikibahatisha. Kwa ruhusa yako nitakuja kwako baada ya magharibi na daftari. Huo mnara na mnazi usiuandike hapa, nitauchukua kwa mdomo, tusije tukawaonesha wenye nyundo.

Mzee_Nahodha

Marahaba. Karibu. Kahawa ipo.

Kijana_wa_Nungwi

Kaka nimerudia ile hesabu kwa kalamu. Mimi navuta lita 24 si 20, nimepima jana. Dakika 20 mtungi mtupu. Nimemwambia boss Pegasus sipeleki tena mtu na mtungi mmoja, kanuna. Nianzie wapi?

MwanaMalindi

Umefanya la maana sana mdogo wangu, boss atanuna wiki moja.

Anzia maji madogo. Great Northern pale, ile meli ya kutandika nyaya za telegrafu iliyopanda mwamba tarehe 31 Disemba 1902, ipo mita 12 tu. Pale jifunze kuelea bila kugusa, kupiga teke la chura, kutandika kamba kutoka kwenye rili na kuifuata macho yamefumbwa, kufunga na kufungua vali za mitungi iliyo mgongoni. Ukiwa Pemba, ile ya Kigiriki ya Panza inakufaa kwa kazi hiyo hiyo. Mizamo 50 ya hivyo kabla hujalipa kozi ya watu. Halafu nitroksi (hewa iliyozidishwa oksijeni), halafu dekompresheni (kule kusimama njiani ukipanda), traimiksi ije mwisho. Na kabla ya mzamo wowote wa kina ulizia chemba ya matibabu ya waliopata mapovu mwilini inayofanya kazi siku hiyo iko wapi, ulizia kwa simu, usiambiwe ipo tu, na oksijeni iwepo botini imejaa.

Jumamosi nipo Great Northern na vijana wawili. Nina mitungi ya kukuazima, njoo na miwani yako tu. Mpiga_Picha_Chake na wewe ukivuka uje, kamera iache nyumbani mara ya kwanza, utaifunza mikono yako kutulia kwanza.

Bi Mkubwa, nikipata ile picha ya kwanza iliyounganishwa nitakuletea wewe Wete uitizame kabla sijaiweka hapa. Ukiniambia hii isitoke, haitoki.

Bi_Mkubwa_wa_Wete

Ilete. Na yale majina ya Chapwani uliyoyasoma yaandike chini yake, yote 24.